Mingus Midomoni mwa Wanafunzi

Saksafoni ya baritoni ni mzigo. Mwanafunzi wa miaka 16 akiining'iniza shingoni hupanua miguu kidogo ili asiyumbe, na katika bendi nyingi za shule kazi yake ni kukaa mwisho wa safu na kujaza sauti za chini ambazo wasikilizaji hawazitambui mpaka siku zikikosekana. Kisha mwalimu anagawa karatasi za "Moanin'" ya Charles Mingus, mpiga besi na mtunzi wa jazz, na yule wa mwisho anakuwa wa kwanza. Kibao hicho huanza na baritoni peke yake. Piano imenyamaza, ngoma zimenyamaza, wenzake wameweka ala mapajani wanamtazama. Mwendo wa bendi nzima, ukali wake, hata hasira yake, vinategemea pumzi ya kijana mmoja.

Kila ninaposikiliza bendi ya shule ikipiga kibao hiki, nasubiri sekunde hizo za mwanzo kuliko solo zote zinazofuata. Noti zenyewe si nyingi. Anayejua kusoma muziki huzikariri mapema tu. Lakini katika rekodi ya Februari 1959, iliyomo kwenye albamu "Blues & Roots", mpuliza baritoni Pepper Adams hazisomi, anazitafuna. Sauti inaanza na mkwaruzo, inabanwa, inaachiwa, inarudi palepale ilipoanzia kwa ukaidi. Wenzake wanaingia mmoja baada ya mwingine, tromboni na saksafoni, kila mmoja na usemi wake juu ya usemi wa aliyemtangulia, bila kuombana radhi. Ni watu 9 tu katika rekodi ile, na hakuna tarumbeta hata moja, ila ukifumba macho utaapa kuwa ni bendi ya watu 20.

Mkwaruzo ule hauandikiki. Unaweza kuweka alama juu ya noti, unaweza kuandika kwa maneno kwamba ipigwe kwa ukali, na bado mtoto mwenye bidii atapiga kitu safi, kilichonyooka, ambacho Mingus angekisimamisha kabla hakijafika mstari wa pili. Walimu wanaomfanya Mingus aendelee kusikika wanajua hivyo, ndiyo maana mara nyingi kazi yao huanza kwa kuwaambia watoto wafunge karatasi.

Mingus mwenyewe alianza hivyohivyo, kwa sikio. Alizaliwa Nogales, Arizona, tarehe 22 Aprili 1922, akalelewa Watts, kitongoji cha Los Angeles. Alianzia tromboni, akahamia chelo, na mwalimu wake wa kwanza wa chelo alimfundisha kwa sikio zaidi ya kumfundisha kusoma, jambo lililomtia aibu alipoingia kwenye okestra ya shule na kukuta wenzake wanasoma. Rafiki yake Buddy Collette ndiye aliyemshawishi aachane na chelo, kwa kuwa kijana mweusi wa wakati ule hakuwa na nafasi katika okestra za Wazungu, achukue besi. Akaichukua kwa dhati. Alisoma kwa Red Callender, kisha kwa Herman Reinshagen aliyewahi kupiga katika okestra kubwa ya New York, na utunzi akafundishwa na Lloyd Reese. Kwa hiyo asiwepo wa kudhani kwamba alikataa karatasi kwa kutoijua. Aliijua vizuri mno.

Kanisani alipata somo jingine. Mama yake wa kambo alikuwa muumini wa kanisa la Holiness, na huko Mingus mdogo alikuta watu wanaimba, wanajibizana, wanapiga makofi, wanalia, wanapandwa na roho, na muziki unakwenda nao popote waendapo. Hakuna aliyesimama mbele na fimbo ya kuongozea. Mtu alianzisha, wengine wakadaka. Ukimsikia Mingus akipiga ukelele nyuma ya besi yake katika "Better Git It in Your Soul", kibao kinachofungua albamu ya "Mingus Ah Um" ya 1959, unaisikia Watts. Kuna mahali bendi nzima inaacha ala na kubaki na makofi tu, huku saksafoni ya Booker Ervin ikihubiri juu yake.

Alipounda kundi lake la Jazz Workshop katikati ya miaka ya 1950, akaamua wanamuziki wake wajifunze hivyo. Katika maelezo ya albamu "Pithecanthropus Erectus" ya 1956 alieleza utaratibu wake: anatunga kichwani, kisha anakaa kwenye piano na kuwapigia wenzake kila sehemu, wapate nyimbo pamoja na hisia aliyoikusudia. Baadaye kila mmoja anaachiwa achague noti zake ndani ya mipaka ile. Fundi jahazi wa Lamu naye hachori ramani. Humwonyesha kijana mbao ilivyopinda, humshika mkono kwenye tezo, na miaka ikipita kijana anaijua merikebu kwa macho na viganja. Mingus alitaka mpiga tromboni aujue wimbo kwa namna hiyo.

Njia hiyo ni tamu lakini ina gharama. Fundi akifa kabla kijana hajakomaa, ujuzi unakwenda naye kaburini. Tena Mingus hakuwa mwalimu mpole. Alisimamisha muziki katikati ya onyesho na kumkemea mpigaji mbele ya watu, akaanza upya. Mwaka 1962, akijiandaa kwa onyesho kubwa katika ukumbi wa Town Hall, New York, alimpiga ngumi mpiga tromboni wake Jimmy Knepper kinywani, akamvunja jino na kumharibia sauti za juu. Kwa mpuliza tromboni, mdomo ndio riziki. Sioni sababu ya kulifunika jambo hilo kwa kisingizio cha kipaji. Mwalimu anayewafundisha vijana muziki wa Mingus leo anapaswa kuchukua njia ya sikio na kuiacha ile ya ngumi, na nadhani muziki haupotezi chochote kwa kuachwa huko.

Onyesho lenyewe la Town Hall, tarehe 12 Oktoba, lilivurugika. Mingus alikuwa ameandika muziki mwingi kwa bendi kubwa, muda ukapunguzwa, na wanakili wakawa bado wananakili sehemu za wapigaji palepale jukwaani watu wakiwa wamekaa vitini. Yeye aliyezoea kufundisha kwa mdomo safari hii alihitaji karatasi, na karatasi hazikuwa tayari. Sehemu ya muziki ule ilitoka katika kazi ndefu aliyoiita "Epitaph", maandishi ya kaburi. Hakuisikia ikipigwa nzima maishani mwake. Baada ya kifo chake mtafiti Andrew Homzy, akipanga makaratasi aliyoyaacha, alizikuta kurasa zake, akaziunganisha, na tarehe 3 Juni 1989 Gunther Schuller aliiongoza katika ukumbi wa Alice Tully, New York, ikichukua zaidi ya saa 2. Mtunzi alikuwa amefariki miaka 10 nyuma.

Alifia Cuernavaca, Meksiko, tarehe 5 Januari 1979, akiwa na miaka 56. Ugonjwa wa neva ulikuwa umemlemaza polepole, ukamnyang'anya besi, ukamnyang'anya piano, ukamweka kwenye kiti cha magurudumu. Kilichobaki ni sauti, basi akatumia sauti. Aliimba nyimbo mpya kwenye kinasa sauti, na wapangaji wa muziki wakaziandika kutoka kwenye kanda. Hata mwisho wake, utunzi ulipita mdomoni kabla ya kufika kwenye wino.

Mkewe, Sue Mingus, hakuwa mwanamuziki. Ila alijua jambo moja ambalo wenye kumbukumbu nyingi za mumewe walikuwa wakilisahau: kwamba zaidi ya kuwa mpiga besi hodari mwenye vituko, alikuwa mtunzi, na mtunzi huishi pale watu wengine wanapompiga. Mwaka uleule wa 1979 kukaundwa Mingus Dynasty, bendi ndogo ya watu waliofanya kazi naye. Knepper, yule aliyevunjwa jino, alikuwemo. Mwaka 1991 ikaja Mingus Big Band, ikipiga kila Alhamisi katika mkahawa mmoja wa Manhattan, na mwaka huohuo kikatoka kitabu cha nyimbo zake zikiwa zimeandikwa vizuri, kila mtu aweze kuzisoma. Makaratasi yake yakaingia Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 1993. Na mwaka 2009 yakaanza mashindano ya shule za sekondari mjini New York, vijana wakishindana kwa kupiga muziki wa Mingus. Sue aliifanya kazi hiyo mpaka alipofariki Septemba 2022.

Kazi hiyo ilikuwa na hatari yake, na bado ipo. Ukishaandika vizuri muziki uliofundishwa kwa mdomo, ukauchapa na kuusambaza, unawapa maelfu ya vijana njia ya kuufikia. Vilevile unawapa njia ya kuukosa. Mpangilio wa "Moanin'" unaopigwa sana mashuleni ni wa Sy Johnson, aliyefanya kazi na Mingus mwenyewe, na ni mpangilio mzuri: kila safu ina la kufanya, hakuna anayekaa bure. Bendi inaweza kuupiga wote bila kukosea noti hata moja na ukabaki umekaa kitini hujaguswa. Wengine wanapiga na makosa yao, na nywele zinakusimama.

Tofauti inatengenezwa mazoezini, kwa mambo madogo. Chukua "Goodbye Pork Pie Hat", kibao ambacho Mingus alimtungia Lester Young, mpuliza saksafoni aliyefariki Machi 1959 na ambaye kofia yake bapa ilijulikana kila klabu. Ni bluzi ya vipimo 12, ya polepole mno. Wimbo wake unatumia noti chache ambazo mtoto wa chekechea angeziimba. Chini yake, hata hivyo, sauti za piano na besi hazitulii: karibu kila mapigo mawili zinabadilika, kwa hiyo noti ileile inayorudiwa juu inasikika ya huzuni hapa, ya faraja pale, ya kutiliwa shaka mbele kidogo. Kijana anayesoma karatasi huona ishara nyingi za sauti hizo na kuzikimbilia mojamoja wakati wa solo, akihesabu, akiogopa kuachwa.

Mwalimu mzuri humwambia aweke ala chini, aimbe wimbo ule kwa mdomo mara kadhaa huku piano ikibadilisha sauti chini yake. Aimbe tu, kwa silabi yoyote. Taratibu sikio linaanza kung'amua kwamba wimbo haukimbizani na piano, unaketi juu yake na kuiacha ipite. Akirudi kwenye saksafoni hupiga noti chache kuliko alizokuwa akipiga, na zile chache zina uzito. Kisha mwalimu anaweka rekodi, wanamsikiliza mpuliza saksafoni John Handy anavyotetemesha ulimi katikati ya solo yake, na kijana anauliza inafanywaje. Hapo ndipo ufundi unapoanza kuhama kutoka mtu hadi mtu, kwa swali la kijana mwenyewe.

Jambo gumu zaidi ni mwendo. Bendi za shule hufundishwa, na ni sawa, kwamba mwendo usibadilike. Mingus anabadilisha. Anaanza polepole, anaongeza kasi mpaka unadhani watu wataanguka, anarudi, anakata mwendo nusu, anaruka kwenye waltz. Aliwahi kueleza kwamba yeye halioni pigo kuwa nukta. Aliliona kuwa duara, na mpigaji yuko huru kuitua noti yake popote ndani ya duara hilo, mradi katikati ibaki palepale kwenye akili ya kila mtu. Mpiga ngoma wake Dannie Richmond aliielewa lugha hiyo kwa zaidi ya miaka 20, na Richmond alikuwa mpuliza saksafoni aliyehamia ngoma chini ya mkono wa Mingus, maana yake naye aliletwa akiwa mwanafunzi.

Kuwafundisha vijana 15 waongeze kasi pamoja bila mtu kuwahesabia ni kazi ninayoistahi sana. Mwalimu akipunga mikono mbele, wanafuata mikono, na kasi inakuja kwa ngazi: hapa imepanda, hapa imetulia, hapa imepanda tena. Akikaa chini, au akitoka kabisa chumbani, wanalazimika kumtazama mpiga besi na mpiga ngoma, kisha kutazamana. Mara za kwanza wanasambaratika. Tarumbeta zinafika mwisho kabla ya tromboni. Wanacheka, wanarudia. Siku moja wanapanda wote kwa pamoja, na mpiga ngoma mwenyewe hajui nani alianza.

Kipo kibao kimoja ambacho vijana wa sekondari wana haki nacho kuliko mtu mwingine yeyote. Septemba 1957, Orval Faubus, gavana wa Arkansas, alituma askari wa jimbo kuwazuia wanafunzi 9 weusi wasiingie shule ya Central High mjini Little Rock. Mingus akatunga "Fables of Faubus". Kampuni ya Columbia iliitoa mwaka 1959 bila maneno. Mwaka uliofuata aliirekodi upya kwa kampuni ndogo ya Candid, yeye na Richmond wakijibizana kwa maneno ya kumkejeli gavana yule wazi. Hata bila maneno, kejeli imo kwenye ala: wimbo unatembea kwa madaha, umejitutumua kifua, kisha unajikwaa.

Vijana wanaopiga kibao hicho leo ni wa umri wa wale 9. Mwalimu anaweza kuwapa historia hiyo katika dakika tano na kuendelea na noti. Au anaweza kumuuliza kila mmoja angemwambia nini mtu aliyesimama mlangoni pa shule yake na bunduki, halafu akamtaka aliseme jibu hilo kwa tromboni, katika vipimo 8, sasa hivi. Njia ya pili inachosha na haina majibu ya kusahihisha, ila ndiyo njia ya Mingus. Alidai mpigaji ajibu, na hakumsamehe aliyemletea nakala ya solo ya mtu mwingine.

Kwa sababu hiyo nina wasiwasi na neno mashindano. Majaji lazima watoe alama, na alama hupenda kilicho safi: sauti zilizolingana, miisho iliyokatwa kwa pamoja. Bendi ikifundishwa kushinda itaijua "Moanin'" kama inavyojua hesabu. Kinachonipa moyo ni kwamba wanamuziki wa Mingus Big Band huwafundisha vijana wenyewe, ana kwa ana, na mtu aliyeupiga muziki huu kila wiki kwa miaka hapumbazwi na usafi. Katika bendi hiyo mpiga besi Boris Kozlov hutumia besi ya Mingus mwenyewe, ile yenye kichwa cha simba kilichochongwa juu ya shingo yake. Wapo ndani yake waliorithi kutoka kwa waliokaa naye chumba kimoja, na sauti wanayomwonyesha mtoto wa baritoni imepita midomo michache tu tangu ilipotoka kwa mwenyewe.

Mwaka 1971 Mingus alirekodi albamu aliyoiita "Let My Children Hear Music", akaiandikia insha ndefu kuhusu maana ya kuwa mtunzi wa jazz, na humo akadai watoto wapewe muziki wa kupigwa mbele yao, na kelele waondolewe. Ndani ya albamu hiyo mna "The Chill of Death", kazi ya okestra yenye maneno ya kughani, aliyoitunga akiwa kijana ambaye hajafikisha miaka 20. Ilikaa kiporo takriban miaka 30 kabla ya kurekodiwa. "Half-Mast Inhibition", kazi nyingine ya ujana wake, ilirekodiwa 1960 chini ya uongozi wa Schuller.

Hizi ndizo ningetamani zipelekwe mashuleni sasa. "Moanin'" imeshapata wenyewe, haihitaji tena kutetewa. Kazi za kijana wa Watts aliyekuwa bado anasoma kwa Lloyd Reese, akichanganya okestra na bluzi bila kumwomba mtu ruhusa, hazijazoeleka mashuleni, na ni ngumu kuliko zile zilizozoeleka. Zinataka ala ambazo bendi nyingi za jazz hazina, zinataka okestra ya shule na bendi ya jazz wakae chumba kimoja, jambo ambalo ratiba za shule hulichukia. Lakini aliyezitunga alikuwa rika lao. Mwalimu atakayewapa wanafunzi wake kurasa hizo atakuwa anawaonyesha mwenzao, mwenye hasira na haraka ya mtu wa miaka 17, kabla hajawa jina kubwa kwenye jalada la rekodi, na nina hakika watakuwa na maswali ya kumuuliza.